Barua ya wazi: Msifunge majaribio ya kilimo hai kabla udongo haujajibu

Kwa wakuu wa taasisi za utafiti wa kilimo, wasimamizi wa fedha za utafiti na wakuu wa huduma za ugani.

Waheshimiwa,

Awali ya yote tunawasalimu. Tunaoandika ni wakulima ambao mashamba yetu yamekuwa yakitumika kwa majaribio ya kilimo hai na kilimo endelevu: mboji, samadi, matandazo, mzunguko wa mazao, mikunde ya kurutubisha udongo, na njia za kudhibiti wadudu bila viuatilifu vya viwandani. Hatulalamiki kwamba utafiti haupo. Upo, na tunaushukuru. Tatizo letu ni kwamba unakatwa mahali pabaya kabisa.

Mradi wa kawaida unaofika kwetu una umri wa miaka mitatu. Toa miezi ya kusaini mikataba, kuajiri watu na kununua vifaa. Toa na ile ya mwisho ya kuandika ripoti. Kinachobaki ni misimu michache ya kupanda na kuvuna, kisha gari halionekani tena. Ripoti inatoka ikisema vipande vya kilimo hai vilitoa mavuno pungufu kuliko vya mbolea ya viwandani, na anayeisoma ofisini anahitimisha kwamba kilimo hai hakilipi. Namba zake ni za kweli. Ila zimechukuliwa katika kipindi ambacho kila aliyewahi kubadili shamba lake anakijua kuwa ndicho kigumu kuliko vyote.

Tazameni jaribio la Rodale Institute, taasisi ya utafiti wa kilimo hai huko Pennsylvania, Marekani, lililoanza mwaka 1981. Liliweka bega kwa bega mifumo mitatu: wa kawaida unaotumia mbolea na viuatilifu vya viwandani, wa kilimo hai unaotegemea samadi, na wa kilimo hai unaotegemea mikunde. Katika miaka mitano ya kwanza mahindi ya mfumo wa kawaida yalitoa wastani wa takribani kilo 5,900 kwa hekta. Mfumo wa samadi ulitoa takribani 4,200, na wa mikunde takribani 4,700. Hilo ni pengo linaloweza kumfilisi mtu. Lakini miaka iliyofuata mifumo yote mitatu ilisimama kati ya kilo 6,300 na 6,600, ikawa hakuna tena wa kumcheka mwenzake. Na katika miaka mitano ya ukame iliyokuja baadaye, mahindi ya mifumo miwili ya kilimo hai yaliupita mfumo wa kawaida kwa asilimia 28 hadi 34.

Sasa lipeni jaribio hilo mkataba kama tunaopewa sisi. Lingefungwa mwaka 1984. Ripoti ingeandikwa, ingesambazwa, ingefundishwa kwa maafisa ugani, na ingekuwa imesema kinyume cha kile ambacho udongo uleule ulikuja kukisema miaka michache baadaye.

Sababu za kusubiri zinajulikana, na wataalamu wenu wanazijua kutuzidi. Nitrojeni ya mbolea ya viwandani huwa tayari kwa mmea mara tu unyevu unapoifikia. Ile ya samadi na mboji imefungwa ndani ya mabaki ya viumbe, na lazima vijidudu vya udongo viichambue kwanza. Sehemu hutoka msimu wa kwanza, nyingine hutoka misimu inayofuata. Ukichanganya mabua makavu na udongo, vijidudu huanza kwa kujichukulia nitrojeni iliyopo, na mimea hugeuka njano mbele ya macho yako. Wadudu marafiki wanaokula wadudu waharibifu nao hawaji kwa barua ya mwaliko. Wanahitaji mipaka yenye maua, majani ya kujificha, na msimu au zaidi bila sumu ili waongezeke. Mbegu za magugu zilizolala ardhini hazishuki kwa palizi moja. Yote haya yanakwenda kwa pamoja na polepole, na mavuno ya mwanzo hubeba gharama yake.

Hata sheria za uthibitisho zinalijua jambo hili. Kanuni za Marekani zinadai miezi 36 bila pembejeo zilizokatazwa kabla ya mavuno kuuzwa kwa jina la kilimo hai. Umoja wa Ulaya unadai angalau miaka miwili kabla ya kupanda mazao ya msimu, na mitatu kabla ya kuvuna mazao mengi ya kudumu. Yaani sheria inauhesabu muda huo kama mpito, ilhali mikataba yenu inauhesabu kama utafiti mzima.

Mtatuambia kwamba majaribio ya muda mrefu yapo. Ni kweli, na tunayataja kwa sababu yanatusaidia kusema tunachotaka. Huko Rothamsted, Uingereza, ambako leo kuna kituo cha utafiti wa kilimo, John Bennet Lawes alianzisha jaribio la ngano la Broadbalk mwaka 1843, kwenye ardhi yake mwenyewe. Lawes alikuwa mwenye kiwanda cha mbolea ya fosfati, hati miliki yake ikiwa ya mwaka 1842, kwa hiyo hakuna anayeweza kumtuhumu kwa upendeleo wa samadi. Hata hivyo aliweka kipande cha samadi kando ya vile vya mbolea na kile kisichopewa kitu, akakiacha kiendelee. Kinaendelea mpaka leo. Uswisi, karibu na Basel, kuna jaribio la DOK, linalolinganisha kilimo hai na kilimo cha kawaida, lililoanza mwaka 1978. Matokeo yake ya miaka 21, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha mavuno ya kilimo hai yakiwa pungufu kwa asilimia 20, lakini mbolea na nishati zilizotumika zilikuwa pungufu kwa asilimia 34 hadi 53, na viuatilifu kwa asilimia 97. Na tangu mwaka 2007 kuna majaribio ya aina hiyo katika nchi za joto: ya mahindi huko Thika na Chuka nchini Kenya, ya pamba India, ya kakao Bolivia.

Tunayaheshimu yote hayo. Lakini tazameni yalipo. Mengi yako kwenye vituo vya utafiti au kwenye ardhi iliyo chini ya taasisi, ambako palizi hufanyika siku iliyopangwa kwa sababu vibarua wamelipwa, na samadi hufika kwa lori ikiwa imepimwa. Kwetu palizi hufanyika siku mikono inapopatikana. Mboji inategemea ng'ombe wangapi wamebaki na nani atabeba. Kati ya njia inayofanya kazi kituoni na njia inayofanya kazi shambani kuna umbali, na kazi ya jaribio la shambani kwa mkulima ni kuupima umbali huo. Kwa hiyo tunazo aina mbili za majaribio: ya kituoni ambayo ni marefu lakini hayafanani na maisha yetu, na ya mashambani kwetu ambayo yanafanana nayo lakini hukatwa kabla ya wakati. Aina ya tatu, iliyo ndefu na iliyo shambani kwa mkulima, ndiyo tunayoiomba.

Kabla ya kufika kwenye fedha, tuseme jinsi majaribio haya yanavyowekwa, kwa sababu urefu peke yake hauponyi jaribio lililopangwa vibaya.

Mmoja wetu alipokea mradi wa taasisi fulani, ambayo hatutaitaja. Walikuja na ramani iliyochorwa ofisini. Kipande kimoja kikubwa cha kilimo hai, kipande kimoja kikubwa cha mbolea ya viwandani, basi. Kipande cha mbolea kikaangukia upande wa juu, mahali palipokuwa na zizi enzi za babu. Kila mtoto wa nyumba ile anajua kwamba pale juu nafaka huota ikiwa na rangi ya kijani iliyoiva, iwe imepewa kitu au haikupewa. Mwenye shamba alilisema hilo siku ya kupima. Aliambiwa kwamba kipande cha kilimo hai lazima kiwe chini kwa sababu ndiko barabara inakopita, na wageni wa siku ya wakulima watahitaji kukiona. Bango likasimikwa, zuri, lenye nembo za wafadhili wote. Msimu ulipokwisha, kipande cha juu kilishinda kwa mbali, na ushindi wa zizi la babu ukaandikwa kwa jina la mbolea.

Dawa ya jambo hili imekuwepo kwa karibu karne nzima. Mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher alianza kazi Rothamsted mwaka 1919, na akiwa pale ndipo alipofundisha kwamba vipande vya jaribio vigawiwe kwa kura na virudiwe, ili tofauti za ardhi zisijifiche ndani ya matokeo. Haihitaji mashine. Shamba linagawanywa kuwa mistari mirefu na myembamba, inayoteremka na mteremko ili kila mstari upite kwenye udongo mzuri na mbaya. Mistari inapangwa jozi jozi: mmoja wa njia mpya, mmoja wa njia ya zamani. Katika kila jozi unarusha sarafu kuamua upi uwe upi. Jozi zikifika tano au sita, mtu anaanza kuona kama tofauti anayoiona ni ya njia au ni ya ardhi. Ikiwa njia mpya inashinda katika jozi zote sita, hapo kuna jambo. Ikiwa inashinda katika tatu na kushindwa katika tatu, tulieni.

Ukweli ni kwamba mkulima anaweza kuyafanya haya vizuri kuliko kijana aliyetumwa kwa siku moja. Tunajua kwamba mistari ya pembeni haipimwi, kwa sababu mizizi ya jirani huiba mbolea na mwanga huingia kutoka ubavuni. Unavuna ya katikati peke yake. Tunajua kwamba nafaka iliyopimwa asubuhi ya umande na nafaka iliyopimwa baada ya kuanikwa si kilo moja, na kwamba lazima zote zikaushwe sawasawa kabla ya kuwekwa kwenye mizani. Tunajua kuandika tarehe ya mvua. Tusichokuwa nacho ni maabara ya udongo, mtu wa kupiga hesabu za kitakwimu, na mamlaka ya kukataa ramani ya ofisini.

Kuna mahali mambo haya yamefanyika vizuri. Mwaka 1985 wakulima wa Iowa, Marekani, walianzisha chama cha Practical Farmers of Iowa, na tangu miaka ya mwanzo wakawa wakifanya majaribio ya mistari iliyorudiwa na kugawiwa kwa kura katika mashamba yao wenyewe, kwa maswali yao wenyewe, wakisaidiwa na watafiti kupanga na kuhesabu. Malawi kuna mpango uliopewa jina la majaribio ya mama na mtoto: jaribio la mama linakuwa katikati ya kijiji, lina vipande vingi na marudio, linasimamiwa na watafiti, majaribio ya watoto yametawanyika kwa wakulima, kila mmoja akichukua njia chache tu kutoka kwa mama na kuzijaribu kwa mikono yake. Mtafiti anapata hesabu, mkulima anapata uhuru wa kuchagua. Mpango mwingine humpa kila mkulima aina tatu tu za mbegu, bila kumtajia majina, naye anasema ipi bora na ipi mbaya kati ya hizo tatu. Majibu ya mamia ya wakulima yakikusanywa pamoja, picha ya aina nyingi hutokea bila mtu mmoja kubebeshwa mzigo wa kupanda zote. Hakuna kati ya hizi iliyohitaji shamba la kifahari.

Swali la jaribio ni la nani? Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini. Miradi mingi hutujia swali likiwa limeshaandikwa, na sisi tunaombwa kulipatia ardhi. Mbolea hii ya majimaji inaongeza mavuno kwa kiasi gani? Mbegu hii inafaa? Swali tulilokuwa nalo sisi huenda ni kwamba mazao ya kufunika udongo yanakunywa maji ambayo zao letu litayahitaji baadaye. Ni swali la kweli. Huko Rodale, katika ukame mkali wa mwaka 1999, mfumo wa samadi uliongoza kwa mahindi, lakini ule wa mikunde, inayopandwa kufunika udongo kabla ya mahindi, ulishika mkia, nyuma ya mfumo wa kawaida. Wale wanaotuhubiria mazao ya kufunika udongo kama dawa ya kila ukame hawatuambii hilo. Tungependa kujua kwenye udongo wetu yakatwe lini, wiki ngapi kabla ya kupanda, ili tubaki na faida ya nitrojeni bila kupoteza unyevu. Jaribio la namna hiyo lingebadili tunavyolima. Hakuna aliyewahi kutuletea fedha zake, pengine kwa sababu hakuna chupa ya kuuza mwishoni mwake.

Na kuna jambo la kinachopimwa. Kilo kwa hekta, kilo kwa hekta. Wakati mwingine tunatamani mizani ipotee kidogo ili mtu aulize kitu kingine. Ni saa ngapi za kazi, na za nani? Njia inayoongeza mavuno kwa sehemu ya kumi lakini inaongeza palizi mara mbili imehamisha gharama kutoka kwenye mfuko wa pembejeo kwenda kwenye mgongo wa mtu, na katika nyumba nyingi mgongo huo ni wa mwanamke. Fedha iliyotoka mfukoni ni kiasi gani? Mwaka mbaya kuliko yote ulikuwa mbaya kiasi gani? Mtu anayeishi kwa shamba huangalia mwaka mbaya kabla ya wastani, kwa sababu mwaka mbaya ndio unaouza ng'ombe.

Mfano mzuri wa faida ya kuangalia zaidi ya swali la kwanza ni njia ya vuta-sukuma, iliyobuniwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya, wakishirikiana na Rothamsted. Lengo la mwanzo lilikuwa wadudu wanaotoboa mabua ya mahindi. Desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde, hupandwa kati ya mistari na harufu yake huwafukuza nondo wanaowazaa wadudu hao. Matete hupandwa kuzunguka shamba na kuwavutia huko nje. Lakini ndani ya mashamba ilionekana kwamba kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya nafaka, lilikuwa likififia pale penye desmodiamu. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoziotesha mbegu za kiduha na kuzizuia zisishike kwenye mizizi ya mahindi, na hivyo hufa. Juu ya hayo ng'ombe wanapata malisho, na udongo unapata nitrojeni. Jaribio lililobanwa kwenye kuhesabu wadudu, na likafungwa baada ya kuwahesabu, lingeipita faida hii bila kuiona.

Sasa hasara. Anayetoa ardhi kwa jaribio anatoa sehemu ya chakula chake na kipato chake. Kile kipande cha ulinganisho kisichopewa mbolea wala samadi, ambacho takwimu zenu zinakihitaji na tunaelewa kwa nini, ni ardhi inayotoa mavuno hafifu kwa makusudi. Kwenye mikataba tuliyoiona, fidia ya mtafiti imeandikwa hadi posho ya safari. Fidia ya kipande hicho haipo. Tunaomba iwepo, kwa maandishi, ikikokotolewa kutokana na tofauti ya mavuno iliyopimwa kwenye jaribio lenyewe. Mpito wa kilimo hai unastahili fidia hiyo zaidi, maana tumeshaona namba za miaka mitano ya kwanza huko Pennsylvania. Hamwezi kumtaka mkulima mdogo abebe peke yake pengo ambalo taasisi yenye ruzuku ililibeba.

Kuhusu pembejeo za bure tutasema kwa ufupi. Mkitupa mboji kwa lori wakati wa mradi, mnapima mboji ya lori. Wekeni kwenye jaribio kiwango ambacho shamba lenyewe linaweza kukizalisha, hata kama matokeo hayatapendeza kwenye picha.

Matokeo nayo yarudi. Inatokea kwamba mkulima anakuja kusikia matokeo ya shamba lake kutoka kwa mgeni aliyeyasoma kwingine, au hasikii kabisa. Takwimu za shamba ni za mwenye shamba pia. Apewe nakala kwa lugha anayoisoma, pamoja na vipimo vya udongo, na hata yale yaliyoshindwa. Hasa yaliyoshindwa. Jaribio lililoonyesha kwamba dawa fulani ya mimea haiui wadudu linamwokoa jirani asipoteze msimu, lakini kwa kuwa halina habari njema linabaki kabatini, na miaka michache baadaye mradi mwingine unakuja kulijaribu jambo lilelile kwenye ardhi yetu ileile.

Tunasikia hofu moja, na ni ya haki: huenda tunataka majaribio marefu kwa kuwa tunataka kilimo hai kishinde. Kuna kati yetu wanaotaka kishinde, hatufichi. Lakini kuna maswali ambayo jaribio refu linaweza kutujibu vibaya, na bado tunayataka majibu. Shamba linalouza mazao kila mwaka bila kurudisha fosforasi kutoka nje litaendelea mpaka lini? Samadi inayorutubisha shamba moja imetoka kwenye malisho ya wapi, na huko kumebaki nini? Je, ile asilimia 20 ya Uswisi itakuwa ndogo au kubwa kwenye udongo mwekundu uliochoka? Mbegu tunazopanda zilichaguliwa kwenye mashamba yenye mbolea nyingi. Zikipandwa kwenye mboji, tunapima njia au tunapima mbegu isiyofaa? Misimu michache haiwezi kujibu hata moja.

Tunalolitaka linawezekana ndani ya bajeti mlizo nazo. Gharama kubwa ya jaribio la shambani iko mwanzoni: kuzungumza na wakulima, kupima ardhi, kugawa vipande kwa kura, kuchukua sampuli za kwanza za udongo. Jaribio likishasimama, kuliendeleza ni palizi ambayo tungeifanya hata hivyo, mizani, daftari, fidia tuliyoitaja, na sampuli za udongo kila baada ya miaka michache. Kwa hiyo katika kila fungu jipya la fedha za kilimo endelevu, tengeni sehemu ya kuendeleza majaribio yaliyokwisha kuanza mpaka angalau mwaka wa kumi, na isitumike kuanzisha mapya. Fedha hiyo isimamiwe kwa pamoja na vikundi vya wakulima vyenye majaribio. Afisa ugani wa eneo awe na jukumu la kutembelea vipande hivyo kama sehemu ya kazi yake ya kila siku, ili mtafiti akihamishwa jaribio lisihame naye. Na katika kamati inayochagua maswali ya utafiti, wawemo wakulima wenye kura, si wa kuitwa siku ya kupiga picha.

Kwa watafiti vijana tunajua shida yenu iko wapi. Shahada ina miaka yake, na machapisho ndiyo yanayopandisha cheo. Hatuwalaumu. Mnaweza kuingia kwenye jaribio linaloendelea, mkachukua misimu yenu mnayoihitaji, mkaliacha likiendelea kwa anayefuata. Ndivyo Broadbalk ilivyopita mikononi mwa vizazi vya watafiti bila kumsubiri yeyote.

Kwa sasa, baadhi yetu tunayo majaribio ambayo wafadhili wake wameondoka. Vigingi bado viko ardhini, mistari ni ileile, mgawanyo ni uleule wa kura ya kwanza, na mavuno yanaandikwa kila msimu. Kinachokosekana ni vipimo vya udongo na mtu wa kuzifanyia hesabu takwimu zilizokusanyika. Tunaomba taasisi yoyote kati yenu iliyo na maabara itume mtu wa kuchukua sampuli kabla ya mvua za kupandia, wakati udongo bado haujaguswa. Ramani za vipande na madaftari tutampa.

Wenu,

Wakulima wenye majaribio mashambani